Haibaneti inagoma: RAM imejaa, swapu haitoshi, au mashine inaamka kama imefomatiwa jana

Wakuu, hii ni kwa wale ambao haibaneti inawazingua. Nitaongelea zaidi Linux, nikiwa na Ubuntu kichwani ila Mint na Debian ni mulemule tu, na mwishoni nitagusa Windows maana kule nako kuna vituko vyake.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Ukifunga mfuniko wa leptopu na ikalala kawaida, RAM bado inakula umeme, kidogo lakini inakula, kwa hiyo ukiwa na leptopu ya mtumba ambayo betri yake imeshachoka na Tanesco wakafanya yao, asubuhi unakuta mashine imezima na kazi zote zimekwenda. Haibaneti ni tofauti, yenyewe inachukua kila kilichomo kwenye RAM, inakiandika kwenye diski, halafu inazima mashine kabisa, unaweza hata kuchomoa betri ukaiweka mezani. Ukiiwasha inasoma ile picha (yaani hiyo kopi ya RAM iliyoandikwa) kutoka kwenye diski na kuirudisha kwenye RAM, unakuta Chrome yako na tabu zako zote pale pale.

Sasa hapo kwenye "inachukua kilichomo kwenye RAM inakiandika kwenye diski" ndipo matatizo yote yanapozaliwa, kwa sababu watu wengi wanadhani hesabu ni moja tu: swapu (ile nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa) iwe kubwa kuliko RAM, basi. Hesabu ni mbili mkuu. Ya kwanza ni nafasi ndani ya RAM yenyewe, ya pili ndiyo nafasi kwenye swapu. Na hizi mbili zinanyang'anyana, ukisuluhisha moja vibaya unaivunja nyingine.

Iko hivi. Kerneli (kiini cha Linux) ikiambiwa ihaibaneti, inagandisha programu zote kwanza, halafu inatakiwa kupiga picha ya RAM. Haiwezi kuandika kwenye diski moja kwa moja huku vitu vinabadilikabadilika, kwa hiyo inanakili kila kitu kwanza ndani ya RAM hiyohiyo, yaani kopi inakaa kwenye RAM pamoja na orijino. Chukulia meza imejaa makaratasi na unaambiwa uyanakili yote, ila kopi ziwekwe kwenye meza hiyohiyo: lazima angalau nusu ya meza iwe tupu. Ndiyo maana picha ya haibaneti haiwezi kuzidi kama nusu ya RAM, hata ungekuwa na swapu ya terabaiti. Kama RAM imetumika zaidi ya hapo, kerneli inaanza kufukuza vitu: kache (nakala za mafaili zilizowekwa RAM ili yafunguke haraka) inatupwa, na data za programu zinasukumwa kwenye swapu. Umeona tatizo? Swapu ileile ambayo dakika moja baadaye itatakiwa kupokea picha, sasa hivi inajazwa na vitu vilivyofukuzwa ili picha iweze kupigwa.

Ukishika hilo, dalili karibu zote za kukosa nafasi zinaeleweka zenyewe.

Kabla hujagusa chochote, fungua taminali uangalie hivi vitu:

free -h
swapon --show
cat /sys/power/disk
cat /sys/power/image_size
cat /proc/cmdline

Halafu jaribu kuhaibaneti kwa komandi, achana na menyu, maana Ubuntu waliiondoa kwenye menyu tangu 12.04 na watu wengi wanadhani haipo kabisa:

sudo systemctl hibernate

Ikigoma, soma kerneli imesema nini:

journalctl -b -k | grep -iE 'PM:|hibern|freez'

Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Watu wanahangaika kubadilisha mipangilio siku nzima bila kusoma huu mstari mmoja ambao umeandikwa kila kitu.

DALILI: "Not enough swap space for hibernation"

Hii ndiyo inayoonekana zaidi, na kwenye matoleo mapya ya systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) maneno ni marefu kidogo ila maana ni hiyohiyo. Hapa kerneli bado haijafanya lolote, ni systemd imepiga hesabu ikakataa mapema. Inachoangalia ni data za programu ambazo zinatumika kwenye RAM (utaiona kwenye /proc/meminfo, mstari wa Active(anon)) inailinganisha na swapu iliyo WAZI, siyo swapu yote. Zikizidi asilimia 98 ya nafasi iliyo wazi, inakataa.

Tuchukue mfano wa leptopu ya GB 8 yenye Ubuntu ambayo mtu ameinstoli bila kubadilisha kitu. Ubuntu kuanzia 17.04 waliacha patisheni ya swapu, wanaweka faili tu, na lile faili kwa kawaida ni dogo, GB 2 hivi. Ukipiga free -h unaona kitu kama hiki:

Mem: jumla 7.6Gi, imetumika 5.1Gi, kache 2.1Gi
Swap: jumla 2.0Gi, imetumika 1.3Gi, wazi 0.7Gi

Angalia hapo. Swapu iliyobaki ni 0.7 tu. Chrome peke yake na tabu zake inaweza kuwa inashika GB 3. Systemd inaona 3 haiingii kwenye 0.7, inakataa, na ni sawa kukataa.

Kuna watu mtandaoni wanashauri uizunguke hiyo hesabu ya systemd kwa SYSTEMD_BYPASS_HIBERNATION_MEMORY_CHECK, au uandike disk moja kwa moja kwenye /sys/power/state. Tufuatilie basi kitakachotokea kwenye mashine hii. Kerneli itatupa kache, poa, hiyo haina gharama. Inabaki na 5.1. Lengo lake la ukubwa wa picha kwa kawaida ni mbili ya tano ya RAM, yaani kama GB 3. Kwa hiyo inataka kufukuza GB 2 kwenda swapu, lakini swapu ina 0.7. Inafukuza hiyo 0.7, swapu imejaa, RAM bado ina 4.4, na nusu ya 7.6 ni 3.8. Kopi haiingii. Na hata ingeingia, picha ingeandikwa wapi wakati swapu ndiyo hiyo imeshajaa? Kwa hiyo kuzunguka hakukusaidii chochote hapa, umeondoa onyo tu. Hiyo njia ina maana kwa mtu ambaye anawasha swapu nyingine kubwa sekunde za mwisho kabla ya kuhaibaneti, basi.

Dawa ni kuongeza swapu. Kiasi gani? Mapendekezo ya Red Hat kwa mtu anayetaka haibaneti ni mara 3 ya RAM kama una GB 2 au chini, mara 2 kama una kati ya 2 na 8, na mara 1.5 kwa zaidi ya 8 mpaka 64. Ukiniuliza mimi, kwa GB 8 weka 12 na maisha yaendelee. Kwa GB 16 weka 20 au 24 kama diski inaruhusu. Picha inabanwa kabla ya kuandikwa kwa hiyo mara nyingi inatoka ndogo kuliko ulivyotegemea, ila usipange maisha yako juu ya hilo, mtu mwenye RAM iliyojaa video na picha ambazo zimeshabanwa tayari haoni nafuu kubwa.

Kwenye ext4 (mfumo wa mafaili wa kawaida wa Ubuntu) unafanya hivi:

sudo swapoff /swapfile
sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=12288 status=progress
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Funga programu nzito kabla ya hiyo swapoff, maana vilivyomo kwenye swapu vinarudi RAM, na kama RAM haina nafasi komandi itakwama au itagoma. Kwenye btrfs (mfumo mwingine wa mafaili) usifanye hivi, faili la swapu kule linatakiwa lisiwe la kunakili-ukiandika na liwe halijabanwa, tumia btrfs filesystem mkswapfile kama toleo lako linayo.

Ukishafanya hivi HUJAMALIZA. Faili limetengenezwa upya na mahali lilipo kwenye diski huenda pamebadilika, soma chini kwenye dalili ya kuamka upya la sivyo utakuja kulia.

DALILI: skrini inazima sekunde chache halafu inarudi ulipokuwa, hakuna ujumbe wowote

Hii ndiyo inayowachanganya watu kweli kwa sababu inaonekana kama haikutokea kitu. Nenda kwenye journalctl, kuna uwezekano mkubwa utakuta "Error -12 creating image" au "Not enough free memory". Minus 12 maana yake kumbukumbu haitoshi, na hapa ni RAM siyo swapu. Ile hesabu ya kwanza.

Na hapa ndipo unakuta mtu ana RAM GB 32 na swapu GB 64 anashangaa inagomaje. Inagoma kwa sababu kuna vitu kwenye RAM ambavyo haviwezi kufukuzwa kwenda swapu hata iwe kubwa vipi. Mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako, mfano kwa KVM) ndiye mtuhumiwa wa kwanza: kama umewasha KVM na umeipa kurasa kubwa, zile hugepages, hazisogei, zimekaa hapo kama mpangaji mwenye mkataba. GB 20 za hivyo kwenye mashine ya 32 zimeshapita nusu, mchezo umeisha. Izime hiyo mashine pepe au uisevu hali yake kwanza ndani ya programu yake, halafu haibaneti.

Mtuhumiwa wa pili hawamjui wengi, ni kadi ya picha. Kadi ya AMD yenye RAM yake yenyewe, mashine ikienda kuhaibaneti draiva inahamisha kilichomo kwenye kadi kuja RAM ya kawaida, maana kadi itazimwa umeme na vitapotea. Sasa kama kadi ina GB 8 na ulikuwa na gemu au Blender imefunguka, ghafla RAM inapokea mzigo mpya wakati ndiyo kerneli inahangaika kuipunguza. Unakuta jana ilikubali leo imegoma, na tofauti ni gemu tu lilikuwa limefunguka. Lifunge, jaribu tena.

Ukiwa na RAM ndogo ya kawaida bila hayo mambo makubwa, kuna kitu kimoja kinasaidia sana na ni cha mstari mmoja:

echo 0 | sudo tee /sys/power/image_size

Sifuri hapa haina maana kwamba picha iwe ya sifuri, ina maana "ifanye ndogo kadiri unavyoweza". Kerneli itafukuza kila kinachofukuzika. Ila kumbuka tunachoongea tangu mwanzo: inafukuza kwenda wapi? Swapu. Kwa hiyo ukiweka sifuri na swapu yako ni kiduchu umehamisha tatizo kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Sifuri inaenda na swapu kubwa. Ikikufaa na unataka ikae hata baada ya kuwasha upya, tengeneza faili ndani ya /etc/tmpfiles.d/ lenye jina unalotaka liishie na .conf, weka mstari huu:

w /sys/power/image_size - - - - 0

Kuna ule ushauri wa kufuta kache kwa drop_caches kabla ya kuhaibaneti. Kerneli inafanya hivyo yenyewe. Haudhuru, ila ni kama kumkumbusha mpishi aweke chumvi wakati ameshaionja mboga.

DALILI: inaanza kuandika kwenye diski halafu inakata katikati

Hapa tafuta -28, nafasi imeisha. Picha imepigwa vizuri, hesabu ya kwanza imepita, ila wakati wa kuandika swapu imejaa njiani. Ni swapu tu hapo, iongeze. Au punguza vilivyomo kwenye swapu: kama mashine imekaa wiki nzima bila kuzimwa swapu inakuwa na takataka za programu ambazo zimelala, funga Slack na hizo tabu ambazo hujazigusa tangu Jumatatu.

DALILI: swapon --show inaonyesha swapu ipo lakini bado inasema haitoshi

Angalia jina la kifaa. Ikiwa ni /dev/zram0 basi umepata jibu. Zram ni swapu ambayo iko ndani ya RAM yenyewe, inabana data na kuziacha hapohapo. Ni kitu kizuri sana kwa mashine yenye RAM ndogo, Fedora wameiweka kama kawaida tangu toleo la 33 mwaka 2020, lakini huwezi kuitupa RAM ndani ya RAM halafu ukazima umeme. Systemd inalijua hilo, kwa hiyo haihesabu zram kabisa. Unatakiwa uwe na swapu nyingine kwenye diski. Zinaweza kukaa pamoja bila shida, zram ikapewa kipaumbele kikubwa ili matumizi ya kila siku yaende kule na ile ya diski ibaki karibu tupu ikisubiri haibaneti, na kwa kweli huu ni mpangilio mzuri kuliko kuwa na swapu ya diski peke yake maana ile vuta nikuvute niliyoieleza juu inapungua.

DALILI: /sys/power/disk inasema [disabled]

Secure Boot, ule ulinzi unaokagua kinachowashwa mashine ikiwaka. Kerneli ikiona Secure Boot imewashwa inajifunga, na mojawapo ya vitu inavyokataa ni haibaneti, kwa hoja kwamba mtu anaweza kuichezea ile picha kwenye diski halafu mashine ikaamka na kerneli iliyochakachuliwa. Hakikisha kwa:

cat /sys/kernel/security/lockdown

Ukiona mabano yako kwenye integrity au confidentiality ndiyo yenyewe. Uamuzi ni wako: ingia BIOS uzime Secure Boot, au uishi bila haibaneti. Hakuna kiasi cha swapu kitakachobadilisha hilo, na watu wanaongeza swapu mpaka diski inajaa wakati tatizo liko BIOS.

DALILI: "Freezing of tasks failed after 20 seconds"

Hii haihusiani na ukubwa wa kitu chochote. Kerneli inazipa programu sekunde 20 zigande, kuna moja imekataa. Karibu kila mara ni kitu kinachosubiri mtandao: sshfs, NFS, folda ya sava ambayo umeshatoka kwenye WiFi yake. Mistari inayofuata kwenye logi inataja jina la hiyo prosesi. Iondoe folda kwa umount -l kabla ya kuhaibaneti na utaona inapita.

DALILI: inazima vizuri kabisa, ila ukiwasha inaanza upya kama hakukuwa na kitu

Hii inauma. Picha imeandikwa, mashine imezima, ukaenda kulala kwa amani, asubuhi unakuta deski tupu.

Kinachotokea wakati wa kuamka ni kwamba mashine inawasha kerneli mpya kabisa, na hiyo kerneli inatakiwa iambiwe picha iko wapi. Isipoambiwa inaendelea kuwaka kawaida tu. Baadaye kidogo mfumo unawasha swapu, swapon inakuta alama ya S1SUSPEND mahali ambapo alama ya kawaida ya swapu inatakiwa kuwa, inasema "software suspend data detected. Rewriting the swap signature" na inaifuta. Hapo picha yako imekwenda. Tafuta huo mstari kwenye journalctl -b, ukiukuta unajua kwa uhakika kwamba kulala kulikuwa sawa na tatizo liko kwenye kuamka.

Cheki /proc/cmdline, kuna resume= humo? Kama swapu yako ni patisheni inatosha kuweka UUID (namba ya utambulisho) ya hiyo patisheni. Kama ni faili, unahitaji vitu viwili: UUID ya patisheni ambayo faili limo (siyo UUID iliyotolewa na mkswap, watu wanakosea hapa kila siku) na resume_offset, yaani faili linaanzia bloku ya ngapi.

findmnt -no UUID -T /swapfile
sudo filefrag -v /swapfile | head -5

Kwenye filefrag angalia mstari wenye namba 0, safu ya physical_offset, ile namba ya kwanza, iliyo kabla ya alama ya "..". Tuseme imekupa 34816. Fungua /etc/default/grub (mipangilio ya GRUB, programu inayowasha Linux) na mstari uwe hivi:

GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash resume=UUID=hapa-weka-yako resume_offset=34816"

Halafu:

sudo update-grub
sudo update-initramfs -u

Btrfs usitumie filefrag, namba inayotoa siyo sahihi kwa kazi hii, tumia btrfs inspect-internal map-swapfile -r.

Na hii ndiyo sababu nimesema juu hujamaliza: kila ukilitengeneza upya faili la swapu ile namba inaweza kubadilika. Mtu anaongeza swapu, haibaneti inaanza kukubali, anafurahi, hajui kwamba kerneli ikiamka inakwenda kuangalia mahali pa zamani ambapo hakuna kitu.

Kama swapu yako imesimbwa na kwenye /etc/crypttab unaona /dev/urandom, sahau. Ufunguo unatengenezwa mpya kila ukiwasha, kwa hiyo picha ya jana haisomeki leo na haitasomeka milele. Unahitaji swapu yenye nenosiri la kudumu.

Halafu kuna tahadhari moja ya hatari kweli. Mashine ikiwa imehaibaneti, usiingie na flashi ya Linux ukaanza kurekebisha mafaili kwenye ile diski halafu ukairudisha iamke. Picha inakumbuka mfumo wa mafaili ulivyokuwa, diski sasa iko tofauti, na kerneli itaandika kwa kumbukumbu za zamani juu ya vitu vipya. Unaweza kupoteza patisheni nzima. Kama lazima uguse, kwanza waka na noresume kwenye mstari wa GRUB ili picha itupwe, upoteze tabu zako lakini uokoe mafaili.

DALILI: inaamka ila dakika za mwanzo ni nzito kama inavuta gogo

Hii ni kawaida. Kache yote ilitupwa na nusu ya programu zako ziko kwenye swapu, kwa hiyo kila dirisha unalogusa linasomwa upya kutoka kwenye diski. Kwenye SSD huoni sana, kwenye diski ya kuzunguka ni mateso. Kama uliweka image_size sifuri ndiyo gharama yake hii. Ukiwa na RAM ya kutosha ipandishe, weka hata karibu na nusu ya RAM (namba inaandikwa kwa baiti), vitu vingi zaidi vitakaa ndani ya picha ambayo inasomwa kwa mkupuo mmoja na siyo vipandevipande. Au baada ya kuamka piga sudo swapoff -a && sudo swapon -a, nenda kachukue chai, ukirudi kila kitu kiko RAM. Ila usipige hiyo bila kucheki free -h kwanza.

DALILI: inaamka, skrini nyeusi au madirisha yana rangi za ajabu, kadi ni Nvidia

Kilichokuwa kwenye RAM ya kadi hakikuhifadhiwa. Draiva ya Nvidia inahitaji kuambiwa NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1, na huduma za nvidia-hibernate na nvidia-resume ziwe zimewashwa. Inahifadhi hizo data kwenye faili la muda, na kama hilo faili linakwenda /tmp na /tmp yako iko kwenye RAM umerudi kulekule kwenye kuijaza RAM, kwa hiyo weka NVreg_TemporaryFilePath=/var na uhakikishe kuna nafasi.

SASA WINDOWS

Kule picha inakaa kwenye faili lake, hiberfil.sys, limefichwa kwenye C:, halichanganywi na pejifaili, kwa hiyo ule ugomvi wa swapu haupo. Ugomvi wa kule ni nafasi ya diski. Kwa kawaida faili linachukua asilimia 40 ya RAM, GB 16 inakula 6.4, na mtu mwenye SSD ndogo akiliona anataka lifutike.

Hapo ndipo dalili ya "Hibernate imepotea kwenye menyu" inapotokea. Mtu amesoma mahali akapiga powercfg /h /type reduced, faili limeshuka mpaka asilimia 20, amefurahi. Ila hilo dogo linatosha kuwasha haraka tu, haibaneti kamili haimo. Rudisha, CMD ya admini:

powercfg /h on
powercfg /h /type full
powercfg /a

Hiyo ya mwisho inakuambia hali zipi zinapatikana na zipi hazipatikani na kwa nini. Kama inaanza kuhaibaneti halafu inatoa skrini ya bluu ya INTERNAL_POWER_ERROR, huenda picha haijaingia kwenye ile asilimia 40 hata baada ya kubanwa, jaribu powercfg /h /size 100 na uone kama inatulia.

Na wenye Windows na Linux kwenye mashine moja: Ile "Shut down" ya Windows tangu Windows 8 siyo kuzima kweli, inahaibaneti kerneli kimyakimya ili iwake haraka kesho. Ndiyo maana Linux ikijaribu kufungua patisheni ya Windows inakuambia Windows imehaibaneti na inakupa kusoma tu bila kuandika. Usilazimishe na remove_hiberfile, ingia Windows, piga shutdown /s /t 0 ili izime kikweli, au zima kabisa Fast Startup kwenye Power Options. Restart yenyewe haina huo mchezo, kwa hiyo ukiwa na haraka bonyeza Restart halafu chagua Linux kwenye GRUB.